Mita Moja Kutoka Chini

Ukimpa Mama Brashi kalamu akuandikie barua, utajuta. Mwandiko wake wa karatasini ni wa kuku aliyekanyaga wino akakimbia. Lakini mpe brashi na ukuta, kisha kaa pembeni utazame. Nusu ya maneno yanayosomeka katika mji ule ni ya mkono wake: kinyozi, bucha, duka la dawa, mlango wa choo cha stendi, hata lile onyo la mbwa mkali kwenye nyumba isiyo na mbwa. Shule aliiacha darasa la nne, na bado wenye vyeti vitatu hawawezi kupita mtaani bila kumsoma.

Kazi aliirithi kwa baba yake, na pamoja na kazi alirithi fimbo. Waandishi wa mabango huwa na fimbo ya kuegemezea mkono: kushoto unaishika, kulia unalala juu yake, na herufi haitetemeki. Ya baba yake ilikuwa ndefu, ilimfika Mama Brashi kifuani, nayo ilikuwa na kazi ya pili. Kila mteja mwenye maduka zaidi ya moja alikatiwa alama yake kwenye fimbo kwa kisu. Ukiisimamisha chini penye ukuta, alama inakuonesha mstari ambao herufi zitakaa juu yake, na maduka yote ya mtu mmoja yanafanana kama ndugu wa tumbo moja. Daftari hakuwa nalo. "Daftari linalowa," baba alikuwa akisema, "fimbo haisahau." Mama Brashi aliiita Mzee, na mtu aliyeigusa bila ruhusa alisikia maneno yake.

Basi siku moja akaja Bwana Tai. Jina lake halisi wanalijua kwao. Mjini alipewa hilo kwa sababu ya tai aliyoifunga hata jua la utosi likiwaka. Alikuwa mtu wa kampuni ya sigara, na alitaka maneno VUTA RAHA kwenye ukuta wa mbele wa kila duka, mekundu, na neno RAHA liwe kubwa. Chini yake, kwa herufi ndogo, yaandikwe KWA WATU WAZIMA TU, kwa sababu sheria ya wakati ule ilidai hivyo.

"Herufi zianzie wapi, bosi?" Mama Brashi akauliza.

Bwana Tai akasogea ukutani, akaweka kiganja usawa wa mkanda wake wa suruali. "Hapa. Wala usipandishe."

"Mbona chini hivyo? Watu si watasoma wamepiga magoti?"

Bwana Tai akacheka. "Wewe andika tu, mama. Wasomaji wapo."

Mama Brashi akatoa kisu, akakata alama mita moja kutoka chini, akaitia rangi nyekundu. Hakuna mteja mwingine aliyewahi kutaka chini kiasi hicho. Lakini mteja akilipa, ukuta ni wake, na mjane mwenye mtoto hachagui wateja. Kila mwaka alirudia kuta zile zile kwa alama ile ile, miaka kumi na saba.

Mtoto mwenyewe alikuwa binti, kifungua mimba na kitinda mimba kwa wakati mmoja, maana baba yake alikufa ajalini kabla hajapata mdogo wake. Alikua akikalia kopo la rangi pembeni mwa mama. Alikuwa na miaka mitano siku aliponyoosha kidole kwenye rangi mbichi akasema, "Ra. Ha. Raha!" Mama Brashi nusura aangushe brashi. Mwanawe amejua kusoma kabla ya kuingia shule! Alimshika mkono akamzungusha duka kwa duka, na kila walipofika akamwambia, "Wasomee." Mtoto akasoma, watu wakapiga makofi. Kwa Mama Brashi hiyo ilikuwa miongoni mwa siku bora za maisha yake, na alikuwa akiisimulia kwa yeyote aliyekaa kimya kwa dakika mbili.

Miaka michache baadaye serikali ikapiga marufuku matangazo ya sigara redioni. Mama Brashi akajiandaa kwa njaa. Badala yake Bwana Tai akaja na orodha ya kuta mara mbili ya ile ya zamani. Redio ilipozibwa mdomo, kuta zikaanza kupayuka. Mwaka ule Mama Brashi aliezeka nyumba upya, na hakujiuliza maswali. Tumlaumu, lakini tumlaumu taratibu. Na sisi tulizisoma kuta zile kila siku, na hakuna aliyeuliza kitu.

Aliyeuliza ni kikohozi. Binti alishakuwa na miaka ishirini na miwili, fundi cherehani mwenye mkono mwepesi, na kila akiinamia cherehani alikohoa kikohozi cha mzee. Siku moja Mama Brashi alikuwa akitafuta mkasi kwenye droo ya cherehani, akashika pakiti.

"Hii ni nini?"

"Unaijua, mama," binti akasema. "Si unaiandika."

"Nani kakufundisha?"

Kama binti angejibu kwa ufidhuli, ingekuwa nafuu. Angepigiwa kelele na mambo yakaisha. Lakini alijibu kwa upole. "Hakuna aliyenifundisha. Neno lile nalijua kabla sijajua kuandika jina langu. Nilipofika miaka kumi na minne nikataka kuona hiyo raha ikoje. Sasa nataka kuacha, mama, na inanishinda. Nimeshaacha mara nne."

Kesho yake Mama Brashi alienda kusimama mbele ya duka la shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, lililoko mkabala na lango la shule ya msingi. Kengele ikalia, darasa la pili wakamwagika nje. Mtoto mmoja akasimama penye ukuta kumsubiri mwenzake, na macho yake yakawa sawasawa na neno RAHA, si juu wala chini. Wasomaji wapo. Mama Brashi aliona haya mpaka masikio yakamchoma. Bwana Tai alipoleta orodha ya mwaka ule, alimrudishia mkononi.

"Nimeacha," akasema.

"Umeacha nini? Wewe huvuti."

"Nimeacha kuvutisha."

Kuacha kazi iliyokulisha miaka kumi na saba si kuvua kandambili. Alibaki na akina kinyozi na bucha, na akili yake haikuwa mahali pake. Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo baba yake angefufuka kumkemea. Mzee alisahauliwa kwenye ndoo ya maji wiki nzima, ncha ya chini ikapasuka, na Mama Brashi, kwa haraka ya kuwahi kazi, akaikata kwa msumeno na kuendelea. Alama zote zikateremka, naye hakufikiri. Mwenye bucha ndiye aliyelalamika: "Mama Brashi, tawi langu jipya siku hizi limechuchumaa." Mama Brashi akamwambia akanunue miwani.

Ndipo halmashauri ikatangaza: kuna pendekezo la sheria ndogo ya kupiga marufuku kila tangazo la sigara mjini, ukutani, dukani, kwenye miavuli, kote. Kamati ya madiwani ingesikiliza wananchi, kisha ipige kura siku hiyo hiyo. Wiki haikupita, vijana wa kampuni wakaonekana na ndoo na brashi pana. RAHA zote za chini zikafunikwa nyeupe, na maandishi mapya yakapandishwa juu kabisa, yanakopumzika njiwa.

Bwana Tai alimfuata Mama Brashi nyumbani, akakaa kwenye kiti kizuri bila kukaribishwa. "Tuna kazi ya miji mitatu," akasema. "Tunataka mtu mmoja tu. Lakini nasikia unataka kwenda kusema kwenye kamati."

"Umesikia vizuri."

"Utasema nini? Karatasi huna. Mimi sikuandika mahali popote kwamba herufi zianzie wapi."

"Aliyeandika ni mimi," Mama Brashi akasema, akainuka kumfungulia mlango.

Siku ya siku ukumbi wa halmashauri ulijaa hadi madirishani. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwalimu mstaafu aliyefundisha nusu ya waliokuwemo, na bado alikuwa na lile jicho linalofanya mtu mzima atoe mikono mfukoni. Daktari wa zahanati alisema yake kwa ufupi: wavutaji wengine wanaacha, wengine wanakufa, na kampuni inayopoteza wateja kila mwaka lazima itafute wapya, na wapya hawazaliwi wakiwa na miaka arobaini. Kisha akasimama wakili wa kampuni, mrefu, sauti ya asali.

"Waheshimiwa, matangazo yetu ni kwa mtu mzima ambaye tayari anavuta. Tunamwomba tu achague aina yetu. Mtoto hahusiki. Tokeni nje mtazame, maandishi yako huko juu, karibu na paa. Hata hivyo, kwa nia njema, tuko tayari kuyaondoa yaliyo ndani ya hatua mia moja kutoka kila shule, na hayo mengine yabaki."

Madiwani wawili watatu wakatikisa vichwa kukubali. Hatua mia moja! Ilisikika kama zawadi. Mama Brashi aliona mambo yanaponyoka. Nyuma yake, benchi la mwisho, alikuwepo binti yake, ameacha cherehani kuja kusikia. Kama sheria hii ingekufa leo, kesho VUTA RAHA ingeteremka tena palepale pa zamani, na safari hii yeye angekuwa amejua na ameshindwa. Akanyanyuka na fimbo yake.

"Mimi ndiye niliyeziandika," akasema. Akaeleza habari ya kiganja cha Bwana Tai na mkanda wa suruali. Akainua Mzee. "Alama hii nyekundu ndiyo ya kampuni. Mita moja kutoka chini. Usawa wa macho ya mtoto wa darasa la pili. Huko juu wamepanda juzi tu, baada ya kuwasikia ninyi."

Wakili akaomba fimbo kwa adabu zote. Akatoa futi ya chuma mfukoni, akapima mbele ya macho ya watu kutoka ncha hadi alama. "Sentimita themanini na nane," akasema. Akapima tena, polepole. "Themanini na nane. Mama, ushahidi wako umepungua ukiwa njiani?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Bwana Tai, kando ya ukuta, alicheka hadi akalegeza tai. Mama Brashi alimtazama Mzee kama mtu aliyesalitiwa na ndugu. Fimbo haisahau, baba alisema. Sasa imesahau nini? Akageuka, akamwona binti yake ameinamisha kichwa.

Ndipo sauti nene ikatoka katikati ya watu. Alikuwa mwenye bucha, amesimama, kidole juu. "Ahaa! Ndiyo maana tawi langu limechuchumaa! Nilisema mimi! Nikaambiwa ninunue miwani!"

Watu wakacheka zaidi, lakini Mama Brashi hakucheka. Ndoo ya maji, ncha iliyopasuka, msumeno: vyote vikamrudia kwa mpigo. Mabega yake yakanyooka.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, anasema kweli. Fimbo hii niliikata mwenyewe mwaka huu, baada ya kuacha kazi yao. Sentimita kumi na mbili. Kosa ni langu na bucha lake nitalirudia bure." Akavuta pumzi. "Fimbo imefupika. Ukuta haukufupika. Twendeni ukutani."

"Ukuta upi?" wakili akauliza. "Chini hakuna kitu. Ni mweupe."

"Mweupe wa rangi," Mama Brashi akauliza, "au mweupe wa chokaa?"

Wakili hakujua. Lakini Bwana Tai, aliyenunua vifaa mwenyewe na kuchagua vya bei rahisi, alijua, na kicheko chake kikakatika palepale.

Mwenyekiti akavaa miwani, akachukua mkoba. "Darasa litafanyika nje," akasema. Kamati nzima ikamfuata, na mji ukaifuata kamati, wakavuka barabara hadi kwenye duka lililoko mkabala na shule. Shemeji wa Mama Brashi alipoona umati unakuja kwake alitaka kufunga mlango. Rafu zake na turubai la kivuli vilikuwa vya kampuni.

"Shemeji, naomba ndoo ya maji na kitambaa," Mama Brashi akasema.

"Shemeji yangu, unataka kuniua njaa?"

"Nataka kukuoshea ukuta. Bure. Lini tena utaniona nafanya kitu bure?"

Shemeji akamtazama Bwana Tai, akamtazama mke wa marehemu kaka yake, akamtazama na yule binti wao anayekohoa. Akaguna, akaingia ndani, akatoka na ndoo imejaa.

Nikwambie jambo ambalo kila fundi rangi analijua na ambalo mabwana wa ofisini hawana habari nalo. Chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta. Ikikauka unadhani umefunika. Ikilowa inatoka kama unga. Mama Brashi alilowesha kitambaa, akapangusa mara moja. Maji meupe yakatiririka hadi chini, na mguu wa herufi nyekundu ukatokea. Akapangusa tena: R. Akapangusa: A. La kuvunda halina ubani. Kengele ya shule ilikuwa imelia, watoto walishajipenyeza mbele ya wakubwa, na kila herufi ilipotoka walipokezana sauti. "Ra!" wakapaza. Kitambaa kikapita. "Ha!"

Hakuna aliyecheka safari hii. Mwenyekiti akanyoosha mkono kwa wakili. "Nipe hiyo futi yako." Akaisimamisha chini, akaipandisha hadi mstari wa herufi, akasoma kwa sauti ya kusahihishia mitihani: "Sentimita mia moja. Kamili."

Mwenye bucha akapiga kelele kama aliyefunga bao.

"Bado," Mwenyekiti akasema. "Naona maji yamefichua maandishi madogo hapo chini yake. Wakili, macho yangu yamechoka. Tusomee."

Wakili akasogea. Maandishi yalikuwa yanamfika pajani. Akaanza kuinama.

"Hapana, usiiname. Soma umesimama. Si umetuambia tangazo ni la watu wazima?"

Wakili akasimama wima. Akakunja macho. Pembeni yake palikuwa na msichana mdogo wa darasa la pili, mkoba mgongoni, shingo imenyooka bila shida yoyote. Alipoona mtu mzima ameshindwa kusoma alimhurumia, akamsaidia kwa sauti kubwa, silabi kwa silabi:

"Kwa... wa-tu... wa-zi-ma... tu."

"Samaki mkunje angali mbichi," Mwenyekiti akasema. "Kumbe kampuni mnaujua msemo huu kuliko sisi walimu."

Wakili alijaribu la mwisho. Alikumbusha zile hatua mia moja kutoka shuleni. Mama Brashi, kitambaa kikimdondoka maji mkononi, hakungoja ruhusa. "Waheshimiwa, redio ilipofungiwa hawakuacha kusema, walikuja kwangu. Mkiwafungia shule watahamia kwa kinyozi na stendi, na mtoto haishi shuleni, anapita kote huko. Najua, maana mimi ndiye niliyekuwa nawahamisha. Mkiacha tundu moja, humo humo watapita. Fungeni yote."

Walipiga kura palepale barabarani, maana hakuna aliyetaka kurudi ndani. Mikono minane ilipanda mara moja. Wa tisa ulikuwa wa diwani mmoja kati ya wale waliotikisa vichwa kumkubali wakili kule ukumbini. Akaitazama ile RAHA inayotiririka maji, akamtazama yule msichana, akainua mkono wake mpaka mwisho. Yote tisa. Watu walipiga makofi kama wale wa miaka mingi nyuma, duka kwa duka, mtoto wa miaka mitano alipokuwa akisoma. Mama Brashi aliyasikia hivyo, na alilia mbele ya kila mtu bila kujificha. Binti yake akapenya umati, akamshika mkono wenye kitambaa.

Baraza zima lilipitisha sheria mwezi uliofuata, na likatafuta fundi wa kufuta kuta zote. Walimpa kazi hiyo mtu aliyejua kila moja ilipo bila kuhitaji orodha. Kwanza Mama Brashi alimpeleka Mzee kwa seremala, akaongezewa mguu wa sentimita kumi na mbili. Pili alilirudia tawi la bucha. Kisha akaanza kufuta miaka kumi na saba, kwa rangi ya mafuta safari hii, mipako miwili. Bwana Tai alihamishwa. Wanasema alikohamia pia wameanza kuulizana kuhusu kuta.

Binti alikuja kumsaidia siku zisizo na cherehani. Ilikuwa mara yake ya tano kuacha, na ilikuwa imeshika. Ukuta usio na tangazo hauponyi mtu, lakini mtu anayepigana na hamu hupumua vizuri zaidi pasipo na anayemwita kila kona. Kikohozi kilikuwa bado kipo, kimepungua.

Ukuta wa shemeji waliuacha wa mwisho. Ulipokauka, mweupe kweli, shemeji akasema, "Sasa ukuta wangu uko uchi. Nipeni hata kitu kidogo." Mama Brashi akawaza kidogo, akampa binti yake brashi kubwa na kopo la rangi ya bluu, akamwambia aandike a, e, i, o, u.

Binti hakuwahi kuandika ukuta maishani. Akachovya brashi, akasimama mbele ya weupe ule, akababaika. "Mama, herufi zianzie wapi?"

Mama Brashi akamsimamisha Mzee chini. Alama nyekundu ilikuwa palepale pake. Akaweka kiganja ukutani, usawa wake.

"Hapa," akasema. "Wala usipandishe. Wasomaji wapo."